Ndizi Zilizolala na Maganda

Bonareri aliamka Ijumaa ile kabla hakujapambazuka. Siku ya baraza la kusikiliza kesi yake ilikuwa imefika. Alikunywa chai nusu kikombe, iliyobaki akaimwaga, akavaa sketi yake ya samawati ya kwendea makambi ya kanisa. Alipotoka nje alimkuta mama mkwe wake, Nyanchoka, amesimama langoni kitambo, kitambaa kichwani, kikapu mkononi, viatu vinang'aa.

"Mama, unaenda wapi?"

"Kisii. Kwani wewe unaenda wapi?"

"Lakini nilisema si lazima uje. Ni maneno ya makaratasi tu."

"Makaratasi yanazungumzia ndizi, na ndizi zilitoka shambani kwangu. Twende, tusichelewe."

Ukimjua Nyanchoka wa Gesima, unajua mjadala uliishia hapo. Huyo ni mama ambaye hata mchungaji akihubiri kupita saa sita anatazama saa yake waziwazi. Bonareri alimfuata kwa wasiwasi, kwa sababu kati ya watu wote duniani, Nyanchoka ndiye pekee aliyejua jambo ambalo Bonareri hakutaka lisemwe siku ile.

Afadhali nieleze kesi yenyewe, maana hata pale Gesima watu waliisimulia ovyo, wengine wakidai eti Bonareri ameiba mashine ya mtu.

Unga wa ndizi si jambo geni Kisii na Nyamira. Watu wamejaribu kuutengeneza miaka mingi, na miaka mingi umewaaibisha. Ukimenya ndizi mbichi utomvu unatoka, unashika vidole, unashika kisu, na ndizi zenyewe zinaanza kuwa nyeusi kabla hujamaliza mkungu. Ukizikausha na kuzisaga unapata unga wa rangi ya majivu. Mgeni ukimkorogea uji wake anachungulia kikombe, halafu anasema ameshiba.

Unga wa Bonareri ulikuwa mweupe pe. Alizipika ndizi kwa mvuke zikiwa na maganda yake, akaziacha zipoe humo humo ndani ya maganda usiku kucha na mchana kutwa, ndipo akazimenya, akazikata, akazikausha na kuzisaga. Basi. Hakuna dawa, hakuna ndimu. Wakili mmoja kijana wa mjini Kisii, Christabel Ombok, mtu wa upande wa ziwani, aliyemwita Bonareri Mama Duke kwa jina la mwanawe, alimsaidia kuombea njia ile hataza, yaani karatasi ya serikali inayosema kwamba njia hii ni yako, na mwingine haruhusiwi kuitumia bila idhini yako. Akaipata. Akina mama kumi na wanne wa Gesima wakajenga vichanja vya kukaushia na kuanza kutengeneza unga pamoja naye. Wengine wao hawakuwahi kuwa na kazi yao wenyewe tangu waolewe.

Ndipo kampuni moja ya unga kutoka Nairobi ikaomba hataza ile ifutwe. Walikuwa wamefukua kijitabu cha mafunzo ya akina mama kilichotolewa Ogembo miaka kumi na tisa iliyopita. Ndani yake mlikuwa na hatua sita: menya, pika kwa mvuke, poza, kata, kausha, saga. Hatua zilezile za Bonareri! Tofauti ilikuwa moja tu. Kwao kisu kilikuja mwanzo, kwake kilingoja hadi hatua ya tatu. Kampuni ikasema kuhamisha kisu si uvumbuzi. Hataza ikifutwa, wao wangesaga unga uleule kwa mashine kubwa, na akina mama wa Gesima wangerudi barabarani kuwasihi madalali wanunue mikungu yao.

Hilo lilimnyima Bonareri usingizi. Lakini kulikuwa na jingine lililomkaa kooni, nalo ni swali dogo: uliijuaje njia hii? Christabel alipomuuliza, alijibu, "Nilifanya majaribio," na ni kweli aliyafanya, mengi, baada ya ile siku ya kwanza. Ila ile siku ya kwanza yenyewe haikuwa majaribio. Ilikuwa aibu. Aliamini kitu kilichopatikana kwa kosa hakiwezi kuitwa uvumbuzi, na kwamba wakijua tu, karatasi yake itachanwa mbele ya macho yake.

Baraza lilikaa kwenye ukumbi wa ghorofa ya pili, karibu na soko. Watu watatu mezani, na katikati yao mwenyekiti, mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo. Nyanchoka aliketi benchi la nyuma na kikapu chake mapajani, wima, kama aliyekuja kukagua usafi.

Wakili wa kampuni aliitwa Makori. Suti yake ilimkaa vizuri, na sauti yake ilijaza ukumbi bila shida.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alianza, "nikipika sukuma wiki leo nikatia chumvi kabla ya nyanya, na kesho nikatia nyanya kabla ya chumvi, je, nimevumbua sukuma wiki?"

Watu wakacheka. Bonareri naye karibu acheke, halafu akakumbuka kwamba anayechekwa ni yeye.

"Hatua ni zilezile sita," Makori aliendelea. "Na hiyo hataza yake haisemi popote kwamba mpangilio ni lazima. Imetaja hatua tu. Hatua hizo zimo katika kijitabu hiki tangu yeye akiwa shule. Huwezi kupewa leo kitu ambacho watu walikuwa nacho jana."

Christabel alisimama. Alikuwa mfupi na mwembamba, na Bonareri aliogopa atamezwa na meza. Wee! Yule msichana alikuwa moto.

"Mheshimiwa, naomba Bwana Makori atusaidie. Hatua ya pili ya Mama Duke inasema ndizi zipoe ndani ya maganda yake. Ukifuata kijitabu, umeshazimenya tayari. Sasa zitapoa ndani ya maganda gani? Yale uliyowapa ng'ombe?"

Kicheko kikahama upande. Christabel hakungoja kiishe. Aliweka mezani vibakuli viwili vya unga. Vyote vilitoka katika mkungu mmoja, uliogawanywa nusu kwa nusu mbele ya mtaalamu aliyeteuliwa na baraza lenyewe. Nusu moja ilianza kwa kisu, nusu nyingine ikaanza kwa sufuria. Kibakuli kimoja kilikuwa cheupe. Kingine, jamani, ungedhani kimetolewa mekoni.

Mwenyekiti alivuta vibakuli karibu, akaingiza kidole katika kila kimoja. "Kwa hiyo mpangilio ukibadilika, kinachotoka nacho kinabadilika," alisema. "Hilo naliona. Bwana Makori, una lingine?"

"Ninalo, mheshimiwa." Makori hakuonekana kuumia sana. "Tuseme mpangilio ni mwingine. Sawa. Lakini hatua ni sita tu. Mtu yeyote akikaa na kalamu atazipanga upya kabla chai yake haijapoa. Uvumbuzi uko wapi hapo? Naomba nimuulize Bonareri mwenyewe."

Bonareri akaitwa mbele. Aliapa, mkono juu ya Biblia.

"Mama, tuambie," Makori alisema kwa upole wa kutisha. "Mpangilio huu uliupataje? Uliusoma wapi?"

Bonareri alimtazama Christabel, ambaye alimwitikia kwa kichwa kumtia moyo, akingoja neno majaribio. Kisha akatazama nyuma. Nyanchoka alikuwa amemkazia macho. Unaweza kumdanganya wakili, unaweza kulidanganya baraza zima, lakini udanganye na Biblia iko hapo na mama mkwe yuko pale? Bonareri alipiga moyo konde.

"Sikuusoma mahali," alisema. "Nilichelewa."

"Ulichelewa?"

"Ilikuwa Ijumaa. Sisi ni Wasabato. Ijumaa ni siku ya maandalio, kazi zote zinakwisha kabla jua halijazama. Nilikuwa na mkungu wa kufanyia unga, lakini nilishinda kwenye majani chai tangu alfajiri, na nilikuwa mjamzito, miguu imevimba. Nikaona nitachelewa nikianza kumenya. Nikaziweka jikoni zichemke kwa mvuke na maganda, nikasema zikiiva kidogo nitazimenya haraka haraka. Kabla sijashika kisu mama mkwe wangu akaniambia Sabato imeingia, epua. Nikaepua. Zikakaa na maganda yake usiku ule na kesho yake yote. Jumamosi jua lilipozama ndipo nikazimenya, nikijua zimeharibika. Hazikuwa zimeharibika. Hazikutoa utomvu hata tone."

Christabel alikuwa ameshika kalamu hewani. Bonareri aliitazama ile Biblia. Imekwisha, alijiambia. Miaka sita nimeficha kwamba Sabato ilinikuta na sufuria mekoni, na leo nimelitangaza mjini.

"Mheshimiwa!" Makori aligeuka na mikono yake miwili juu. "Amesema mwenyewe! Huu si uvumbuzi, ni ajali ya jikoni. Ni uvivu, kama tutasema ukweli."

"Nani mvivu?" Sauti ilitoka benchi la nyuma. Nyanchoka alikuwa amesimama, kikapu kimeanguka. "Wewe kijana, nani mvivu?"

"Mama, tafadhali keti," mwenyekiti alisema, na Nyanchoka akaketi, lakini polepole sana, ili ijulikane kwamba ameketi kwa hiari yake.

"Mheshimiwa," Christabel akaingilia, "sheria haiulizi mtu alikipata kitu kwa kukaa maabara au kwa kuchelewa. Inauliza kama kilikuwa kipya, na kama mtu wa kazi hiyo asingekifikia kirahisi."

"Hilo la mwisho ndilo ninalotaka kulijua." Mwenyekiti aliivua miwani, ikaning'inia kifuani. "Bwana Makori, wewe ni mtu wa wapi?"

"Ogembo, mheshimiwa."

"Mama yako alipika ndizi?"

"Kila siku."

"Kijitabu chako kimetumika miaka kumi na tisa, na unga ukatoka mweusi miaka kumi na tisa. Katika muda wote huo, unamjua mtu yeyote aliyezipika kwanza, akaziacha na maganda mpaka kesho yake jioni, ndipo akamenya?"

"Hapana, na nani angefanya hivyo?" Makori alicheka. Alikuwa amepata joto, na mtu akipata joto huongea kwa mdomo wa kwao. "Mheshimiwa, hakuna mama wa Kisii mwenye akili zake atakayeepua ndizi halafu aziache na maganda siku nzima! Huku kwetu ndizi ni kisu kwanza. Mama yangu angenifukuza jikoni na mwiko. Ni kitu ambacho hakingemjia mtu yeyote kich..."

Akakomea hapo hapo.

"Malizia, Bwana Makori," mwenyekiti alisema.

Makori alifungua faili yake, akaifunga. Na Bonareri, ambaye hakusoma sheria hata siku moja, alielewa kama kila mtu mle ndani alivyoelewa. Kama jambo haliwezi kumjia mtu yeyote kichwani, basi yule aliyelileta ameleta kitu. Makori alikuwa amemshindia kesi kwa mdomo wake mwenyewe, tena kwa kumkumbuka mamake.

Baraza lilitoka nusu saa, likarudi. Mwenyekiti alisoma kwa Kiswahili ili kila mtu asikie. Maelezo marefu yangekuja kwa maandishi, alisema, lakini uamuzi ni huu. Hatua zilikuwa za zamani, mpangilio ulikuwa mpya, na mpangilio ule ulizaa kitu ambacho ule wa zamani haukukizaa. Haukuwa wazi kwa watu wa kazi hiyo, kama wakili wa kampuni alivyotueleza vizuri. Hataza inabaki.

Bonareri alisikia neno inabaki, mengine hayakumfikia. Alikaa chini pu, akashusha pumzi ndefu ambayo nadhani ilikuwa imekaa kifuani mwake tangu mwaka uliopita. Akalia. Akacheka katikati ya kulia. Christabel alimkumbatia huku akimgombeza sikioni, "Aki Mama Duke, mbona hukuniambia? Hiyo Sabato ndiyo ilikuwa kesi yetu yote! Mimi nimekesha natafuta hoja, kumbe hoja umeikalia!"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini sasa?"

Hata yeye hakujua tena. Ilikuwa imeyeyuka. Walipofika chini Bonareri alimpigia simu Linet, katibu wa kikundi cha akina mama, akampa habari. Linet aliishika simu juu, na Bonareri akasikia vigelegele vya Gesima nzima vikitoka kwenye kile kisimu, hadi muuza viazi aliyekuwa kando akauliza kama ni harusi. Makori alipita na faili yake kwapani. Alisita, akarudi, akamwambia Bonareri kwa Ekegusii, lugha yao ya nyumbani, kwamba angependa kununua pakiti mbili za ule unga ampelekee mamake. Nyanchoka alimtolea pakiti tatu kikapuni. Ndiyo, alikuwa amekuja nazo.

"Ya tatu ni ya nini, Mama?" Makori aliuliza.

"Ya kukufundisha kuchunga mdomo," Nyanchoka alisema. Lakini alitabasamu.

Saa kumi hivi walikuwa wameshafika nyumbani. Akina mama walikuwa wamewatangulia jikoni, mkungu mzima umekatwa na kuoshwa, sufuria kubwa iko mekoni, mvuke unapenya kwenye majani ya mgomba. Walikula vyakula walivyoleta, wakaimba wimbo mmoja wa kanisani, wakatawanyika kila mmoja kwake kwenda kumalizia maandalio. Walibaki wawili, Bonareri kwenye kigoda, Nyanchoka akipanga vikombe.

"Mama," Bonareri alisema, "nisamehe kwa kuyataja ya nyumbani mbele za watu."

Nyanchoka aliendelea kupanga vikombe. "Umesema kwamba mimi nilikuambia Sabato imeingia."

"Ndiyo."

"Ni kweli. Nilikuambia hivyo."

Akachukua kikombe kingine. Bonareri alimfahamu vya kutosha kujua kwamba bado kuna neno.

"Ile Ijumaa kulikuwa na ukungu," Nyanchoka alisema. "Wewe hukuona jua. Mimi nilikuwa na saa yangu. Sabato ilikuwa haijaingia, Bonareri. Ilibaki karibu saa nzima."

"Mama!"

"Ulikuwa na Lavender tumboni. Umeshinda majani chai, miguu imekuwa minene kama magogo, na bado umepika mkungu mzima unataka kuumenya wote. Ningekuambia pumzika, ungepumzika? Wewe? Ungesema nakuja, Mama, na ungekufa na kisu mkononi." Alisugua kikombe ambacho kilikuwa kimeshakauka. "Kwa hiyo nikasema Sabato imeingia. Nilitubu usiku uleule. Na kila nikitaka kukuambia, naona unga ule mweupe, nanyamaza."

Miaka sita Bonareri alidhani siku ile mama mkwe wake alimwona mvivu. Miaka sita aliamka kabla yake kila asubuhi ili amwonyeshe kwamba si mvivu.

"Kwa hiyo uvumbuzi ni wako," alisema mwishowe.

"Nyamaza. Mimi nilisema uongo tu. Aliyepika ni wewe."

Wakacheka, kwanza kidogo, kisha vibaya sana, Nyanchoka akijifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Kicheko kilipoisha Bonareri aliinuka, akaenda kuangalia sufuria. Ndizi zilikuwa zimeiva kidogo, sawasawa na zilivyotakiwa. Bado alikuwa na vikapu vya kuosha, nguo za Duke na Lavender za kupiga pasi, sakafu ya kufagia.

"Epua," Nyanchoka alisema nyuma yake. "Sabato imeingia."

Bonareri alitazama nje ya mlango. Jua lilikuwa bado liko juu, linawaka juu ya majani chai, na watoto wa jirani walikuwa wanateka maji bila haraka yoyote. Aliepua sufuria, akaifunika, akaja akakaa.